Mwalimu Mnayemngoja Yuko Nyumbani, Anachunga Mbuzi

Kila Januari, wanangu, baraza ni lile lile. Chifu anasimama kivulini, mwenyekiti wa bodi ya shule anapangusa jasho kwa leso, na mama mmoja aliyeketi nyuma kabisa na mtungi wake mtupu, maana kisima kiko njiani na hakuna haja ya kufunga safari mbili, anauliza swali ambalo mamake aliliuliza kabla yake: mbona shule yetu haina walimu? Mwenyekiti anajibu kwamba serikali italeta. Watu wanapiga makofi machache ya adabu, kisha wanakwenda nyumbani kungoja. Jibu hilo nimelisikia enzi za Mzee Kenyatta, nikalisikia enzi za Moi, za Kibaki, za Uhuru, na sasa nalisikia enzi za Ruto, na masikio yangu hayalikasirikii tena. Serikali huleta, jamani. Haijawahi kuacha kuleta. Kukaa ndiko kunakotushinda.

Mwalimu hushuka Mwingi, huku kwetu Kitui, na begi na barua ya TSC, Tume ya Kuajiri Walimu, akauliza magari ya Tseikuru, akaambiwa asubiri lijae. Akifika tunamchinjia kuku. Siku ya pili anauliza mtandao unashika wapi, anaonyeshwa jiwe la kupanda. Kufikia mwisho wa muhula anajua bei ya mtungi wa maji kiangazi kikikaza, anajua ni nani huazima punda na ni nani hujifanya hayupo, na popo wa nyumba ya walimu wamekwisha kumzoea. Sheria inamtaka akae miaka 5 kabla ya kuomba uhamisho, na mwili wake unakaa. Lakini kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Ijumaa adhuhuri macho yako barabarani. Jumatatu anarudi jioni, vumbi hadi kwenye kope. Kisha mwaka wa tatu, au wa pili kama ana mjomba ofisini, barua ya daktari inatokea. Nimeona vidonda vya tumbo vilivyozaliwa Tseikuru vikapona Thika bila hata kidonge kimoja. Nimeona mabinti wakiomba kuwafuata waume ambao walikuwa bado hawajawaoa. Simcheki mtu kwa ubaya. Kijana wa miaka 26 aliyelelewa penye mfereji na lami, mchumba wake yuko Kakamega na mama yake anazeekea huko huko, akiomba kusogea karibu na kwao ana kosa gani? Hata mimi ningeiandika barua hiyo, tena kwa mwandiko mzuri.

Ila hebu tutazame anachokiacha nyuma, kwa kuwa huko ndiko tusikopenda kutazama. Akiondoka mwalimu wa hesabu katikati ya mwaka, pengo lake halizibwi kesho. Tangu serikali isimamishe uajiri wa kawaida mwaka 1998, walimu wameajiriwa kwa vipande vipande, na pengo la Ngomeni hulazimika kusimama foleni moja na pengo la Thika, na mnajua ni nani atakayehudumiwa kwanza. Bodi inatafuta kijana wa hapo karibu aliyemaliza kidato cha nne, inamwahidi senti kidogo, na maisha yanaendelea. Wanafunzi wanafika kwenye mtihani wa KCSE wakiwa na mada ambazo hawajawahi kuzisikia zikitajwa. Wanapata walichopata. Sasa yule msichana mwenye kichwa, aliyekuwa akiwaeleza wenzake sehemu na desimali mwalimu alipokosekana, anataka kuwa mwalimu, na chuo kinamwambia: lete C. Hana C kwa sababu hakuwa na mwalimu. Hawezi kuwa mwalimu kwa sababu hana C. Na wadogo zake hawatakuwa na mwalimu kwa sababu yeye alizuiwa mlangoni. Mzunguko huo nimeutazama ukipita kizazi baada ya kizazi, na kila kizazi kinaushangaa kana kwamba umeanza jana asubuhi.

Anarudi nyumbani. Anachunga mbuzi mwaka mmoja, anauza ndengu sokoni, kisha shangazi anamtafutia kazi ya nyumba Nairobi, na huko anawasaidia watoto wa mwajiri kufanya kazi za shule kila jioni. Mwajiri anamsifu sana. Anasema hajawahi kupata mfanyakazi anayejua kufundisha hivyo.

Na msiniambie hatuna mahali pa kuwafunzia. Chuo cha Walimu cha Kitui kiko hapo. Pale Kwa Vonza, ambako wazazi wetu walichanga kwa harambee miaka ya sabini wajenge taasisi ya kilimo, ile UKAI, leo kuna Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, SEKU, kilichoanza mwaka 2008 kikiwa chuo kishirikishi cha Chuo Kikuu cha Nairobi na kupata hati yake 2013, na humo walimu wanafunzwa. Kuku na mbuzi wa wazee wetu walikwenda katika misingi ile. Wajukuu wao wa Mutha, Endau na Tseikuru ndio wanaokisikia kwa jina tu.

Watu wa Makueni mtacheka mkidhani nawasema Wakitui peke yao. Ngojeni. Ninyi wa milimani, wa Mbooni, Kilungu na Mukaa, mlisoma mapema. Wamishonari wa Africa Inland Mission waliweka kituo chao cha kwanza Nzaui mwaka 1895, na ingawa Peter Cameron Scott aliyewaongoza alikufa mwaka uliofuata, kusoma kulishika mizizi kwenye vilima vile pamoja na kahawa na maparachichi. Huko hata leo ukirusha jiwe utampiga mwalimu. Lakini teremkeni hadi Kathonzweni, Kibwezi, Mtito Andei, ambako watu walihamia baadaye wakitafuta ardhi, na mtakuta baraza lile lile na swali lile lile, kaunti ile ile. Mwalimu wa Kilungu aliyeandikiwa shule ya ndani ndani kule Kibwezi anahesabu siku kama mwenzake wa Nyeri anavyozihesabu Tseikuru. Kabila moja, jina moja, nyimbo zile zile za kanisani. Joto tu, na maji, na umbali wa kwenda kumwona mama.

Walimu wa milima hiyo walienea Kenya nzima, wakafika hadi Garissa, Wajir na Mandera. Hapa nitazungumza polepole. Novemba 2014 al-Shabaab walisimamisha basi lililotoka Mandera, wakawaua watu 28, na miongoni mwao walikuwemo walimu waliokuwa wakienda nyumbani kwa likizo ya Desemba. Mwaka uliofuata wenzao wengi wasio wenyeji walikataa kurudi, wakapiga kambi Nairobi kwenye makao makuu ya TSC. Januari 2020, baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, Garissa, Tume yenyewe iliwaondoa wasio wenyeji. Waliofiwa wanajua walichopoteza na mimi sina la kuwaongezea. Ninachotaka mkione ni upande wa pili: mtoto wa Garissa aliyeamka Jumatatu akakuta darasa halina mtu, kwa sababu kwa miaka mingi sana walimu wake waliletwa kutoka kwetu na hakuna aliyekaa chini kuhesabu ni wangapi wa kwao wanaofunzwa. Kwetu hakuna bunduki, tumshukuru Mungu. Kwetu kuna kiangazi na barua ya daktari, lakini Jumatatu ya mtoto inafanana.

Wazee kwa wazee mnakumbuka mahindi ya mbegu yalikotunzwa. Yalifungwa yangali na maganda, yakatundikwa darini juu ya mafiga, moshi ukayalinda na fukusi, na hakuna mtoto aliyethubutu kuyagusa hata kama sufuria ilikuwa inachemsha maji matupu. Mwaka 1984, ile njaa ya Nikw'a Ngwete ambapo mtu alikuwa na pesa mkononi na hakuna cha kununua, kuna nyumba zilizoshindwa, zikayateremsha zikayapika. Hakuna wa kuwalaumu. Mwenye njaa hana miiko. Lakini mvua iliponyesha walisimama shambani na jembe na hawakuwa na cha kupanda, wakaanza kubisha kwa majirani, na mbegu ya kuomba haina uchaguzi: unapewa inayokua mlimani ukaipande bondeni. Watoto wetu wenye vichwa tunawafanyia hivyo kila mwaka. Mmoja akipasi anakwenda Nairobi awe mhasibu, tunafanya sherehe. Aliyekaribia kupasi tunamwachia barabara imchukue. Kisha tunapiga hodi serikalini tuletewe mbegu.

Sasa mtu ataniambia, Mzee, basi walegeze alama. Hilo nalo tumeliona. Mwaka 2018 Wizara ya Elimu, Amina Mohamed akiwa waziri, ilitaka vijana wa maeneo yaliyoachwa nyuma waingie vyuo vya ualimu kwa D+ kwenye cheti na C- kwenye diploma. TSC ikasema haitawatambua. Magazeti yakapata la kuandika wiki mbili tatu, wakubwa wakarushiana maneno, na yule msichana wangu wa mbuzi akabaki pale pale akiwasikiliza redioni. Baadaye cheti chenyewe cha P1 kikaondolewa. Tangu 2021 anayetaka kufundisha msingi anasomea diploma ya miaka 3, na mwanzoni alidaiwa C ya jumla na C nyingine katika masomo kadhaa, hesabu ikiwemo, hadi vyuo vikabaki na vitanda vitupu ndipo masharti ya somo kwa somo yakalegezwa.

Katika ugomvi ule kila upande ulikuwa na nusu ya ukweli, na ndiyo sababu uliisha bila faida. Wizara iliona mlango ni mdogo. Tume iliona kwamba mtu asiyejua sehemu hawezi kufundisha sehemu, na katika hilo siwezi kubishana nayo. Kilichokosekana ni mwaka mmoja katikati. Mpeni huyo msichana mwaka mmoja wa kusomeshwa upya, hesabu, Kiingereza na sayansi, na mwalimu anayekuja darasani kila siku, kitu ambacho hakuwahi kukipata maishani, arudie mtihani, halafu mpimeni kwa kipimo kile kile cha mtoto wa Nairobi. Asipofaulu, amejaribiwa kwa haki. Ninavyowajua watoto wa huku, wengi watafaulu. Mtoto aliyepata D+ bila mwalimu wa hesabu kwa miaka miwili ana kichwa kuliko tunavyompa sifa.

Jirani zetu wa Tanzania walilijaribu jambo hili kwa ukubwa ambao sisi hatujawahi kuthubutu. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, walipoamua kila mtoto aende shule ya msingi kufikia 1977, hawakuwa na walimu wa kutosha, na vyuo havingeweza kuwatoa kwa wakati. Wakawachukua vijana waliomaliza darasa la saba, makumi ya maelfu, wakawapa madarasa vijijini mwao, na kuwafunza papo hapo: masomo kwa posta, vipindi vya redio, mwalimu mzoefu wa karibu, na kipindi kifupi cha chuo mwishoni. Watoto waliingia darasani, hilo hakuna anayelikana. Lakini kazi ilifanywa kwa haraka, vitabu vikawa haba, waliopaswa kuwatembelea vijana wale hawakuwa na usafiri, na watu wenye ulimi mkali wakageuza herufi za UPE, jina la Kiingereza la mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote, kuwa Ualimu Pasipo Elimu. Mzaha huo uliwaumiza wengi waliokuwa walimu wazuri sana. Mimi somo ninalolitoa pale ni dogo: kijana wa kijijini anakaa. Alikaa kweli. Waliomtuma ndio waliomwacha katikati ya njia.

Na karibu zaidi, ukivuka Tana ukaenda hadi Dadaab, kuanzia mwaka 2013 vyuo vikuu vya Kenyatta na Moi vilishirikiana na vyuo viwili vya Kanada, York na British Columbia, kuwasomesha walimu waliokuwa wakifundisha kambini, wakimbizi pamoja na wenyeji. Waliendelea kufundisha madarasa yao huku wakisoma, wakatunukiwa vyeti na wengine digrii. Kambini, wanangu, penye hema na foleni ya chakula. Sisi tuna chuo kikuu Kwa Vonza.

Nije kwa wadogo kati yetu. Wakamba tumezoea kujihesabu kama wanyonge mbele ya Nairobi, na mara nyingi ni kweli, lakini ndani ya Kitui kuna ambao sisi ndio Nairobi yao. Watharaka wa Mwingi Kaskazini wana hata wadi yenye jina lao. Mtoto wao wa gredi ya kwanza anaingia darasani na Kitharaka, anakutana na mwalimu anayefundisha kwa Kikamba, na kwa vile ni mpole anatikisa kichwa. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilikwisha sema madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya mahali, na mtaala wa umilisi tulio nao sasa unasema hivyo hivyo. Karatasi hazijakosea. Lakini lugha ya mahali inahitaji mwalimu wa mahali, na ukiuliza ni Watharaka wangapi waliofunzwa ualimu wakaandikiwa shule za kwao, mazungumzo yanahamia kwenye mvua. Ni vivyo hivyo kwa watoto wa wafugaji wanaokaa mpakani na Tana River, ambao tunawakumbuka tu ngamia wakiingia shambani.

Hapa basi kaunti haina pa kujificha. Katiba ya 2010 ilizipa kaunti elimu ya chekechea: magavana ndio wanaoajiri walimu wa watoto wadogo, si TSC. Mtu akitaka kuanza leo, aanze hapo. Mchukue msichana wa Kitharaka aliyemaliza kidato cha nne, mpeleke kozi ya chekechea, umwajiri karibu na kwao, na umtengee njia ya kupanda ngazi hadi diploma wakati wa likizo. Haihitaji kamati ya kitaifa. Inahitaji mtu wa wadi asiyempa nafasi hiyo binti wa rafiki yake anayeishi mjini, na najua hilo ni ombi kubwa.

Tukishampata, tukamfunza, akarudi, msidhani kazi imeisha. Hapa ndipo nimeona upumbavu wetu ukichanua vizuri zaidi. Mwalimu mgeni tunamchinjia kuku. Mwalimu mwenyeji tunamwuliza kama si yeye aliyekuwa akituibia maembe. Ukoo wa upande wa pili unasema shule imeporwa. Mshahara wake wa kwanza unapigiwa hesabu kabla haujafika: karo ya binamu, dawa ya nyanya yake, paa la mjomba, mchango wa harusi ya mtu asiyemjua vizuri. Nimewaona walimu wenyeji wakiomba uhamisho kwenda mbali, na ukiwakalisha chini kwa utulivu watakuambia hawakimbii kiangazi. Wanawakimbia ndugu. Na akikaa, matanga yote ni yake. Ijumaa hii ni mzee wa jirani, ijayo ni shemeji, na darasa linabaki na monita.

TSC iliyaona hayo. Kuanzia 2018 ilipoanza kuwahamisha walimu wakuu na wengine nje ya kaunti zao, ilisema mtu akifundisha nyumbani hugeuka mkulima na mfanyabiashara anayepitia shuleni. Walimu walilia, ndoa ziliyumba, na mwishoni mwa 2022 Bunge likapitisha hoja ya kuachana na mpango huo, na wengi wakarudishwa. Tume ilikosea dawa lakini ugonjwa iliupatia jina. Mwalimu wa nyumbani anahitaji kulindwa na nyumbani. Chifu anaweza kusema barazani, mara moja kwa muhula tu, kwamba mwalimu haitwi matangani saa za masomo, na wazee wa ukoo wanaweza kukubaliana kwamba mshahara wa miaka miwili ya kwanza hauguswi na mtu. Mtacheka, lakini tunakubaliana kuhusu ng'ombe wa mahari hadi mkia, tutashindwaje na hili?

Miaka mitatu ya kwanza ndiyo inayoamua. Mwalimu mpya huingia na yale aliyofundishwa chuoni, ambako mazoezi ya kufundisha aliyafanya katika shule ya kando ya lami iliyo na kabati la vitabu, kisha anakabidhiwa gredi mbili katika chumba kimoja na boksi la chaki. Tangu Januari 2023, gredi ya saba ilipoletwa kwenye shule za msingi ikaitwa sekondari msingi, nimesikia vijana wakifundisha masomo ambayo wao wenyewe waliyaacha kidato cha pili. Walioletwa kwa uanagenzi walikuwa wakipewa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, walipe chumba, maji, chakula na bodaboda. Walipogoma Mei 2024 sikuona cha kushangaza isipokuwa uvumilivu wao wa mwaka mzima. Kijana wa namna hiyo hahitaji hotuba. Anahitaji mtu mzima katika shule hiyo hiyo atakayekaa nyuma ya darasa lake, anyamaze, na baadaye amwambie kwa upole kwamba anaongea na ubao. Walimu wastaafu tumejaa vijijini tukicheza bao. Tupeni nauli na chai, tutakuja.

Na mazoezi ya kufundisha yafanywe huku. Mwanachuo wa Kitui aliyeishi muhula mmoja Voo au Nuu, akala muthokoi katika nyumba ya watu, akajua maji yanatoka wapi na mwalimu mkuu ni mtu wa namna gani, haogopi tena jina la mahali hapo kwenye barua. Wasipelekwe mmoja mmoja pia. Wawili wanapikiana, wanachekana, mmoja akiugua mwenzake anajua. Waliokimbia haraka zaidi niliowahi kuwaona walikuwa peke yao, na wengi hawakukimbia taabu, walikimbia jioni.

Nyumba za walimu sina haja ya kuzieleza, mnazijua. Nitasema tu kwamba fedha za CDF, ule mfuko wa maendeleo wa eneobunge, zinapopatikana huwa tunajenga darasa la nne ambalo halina mwalimu, kwa kuwa darasa hufunguliwa na mheshimiwa kwa utepe, na nyumba ya mwalimu haifunguliwi na mtu. Na ikijengwa, anzeni na choo na tangi la maji ya mvua, ukuta ufuate.

Lakini kuna jambo lisilongoja kaunti, wala CDF, wala Tume. Kila shule ya huku ina walimu wa BOM, yaani wa bodi ya shule, wale vijana tunaowaokota wakati pengo limetokea. Hao ndio akiba yetu. Wamekwisha onja kazi, wanaijua njia ya shule gizani, watoto wanawaita Mwalimu. Wawili au watatu kati yao katika kila shule, wakisaidiwa kurudia mtihani na kulipiwa karo ya chuo, wangekuwa walimu kamili kabla mjukuu wangu hajafika gredi ya sita. Badala yake tunawatumia kama kijiko cha kuazima, bila hata kukiosha wakati wa kukirudisha. Wenyeviti wa bodi mlio hapa, mnanijua na ninawajua, na daftari za shule zenu nimeziona. Yule kijana wenu anayefundisha hesabu anadai tangu muhula wa pili. Kabla hatujamwuliza kama angependa kwenda chuo, mlipeni.